Maswali ya Wasomaji: Miungu ya Wagiriki wa Kale Mbele ya Watoto

Safu ya mwezi huu imechukuliwa na jambo moja. Barua tano kati ya zilizotufikia zinahusu visasili vya Wagiriki wa kale na namna ya kuwasimulia watoto, na kwa kuwa swali la mmoja linagusa la mwenzake, tumeona afadhali zijibiwe pamoja.

Nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Nilinunua kitabu kikubwa chenye picha, kinachoanza na ukoo wote wa miungu tangu mwanzo wa ulimwengu. Nilipofika ukurasa wa nne wote wawili walikuwa wamelala. Je, nimewahi mno kuwasomea, au nimeanza pabaya? — Mama wa wawili

Hujawahi, mama, ila umeanza pabaya, na kosa hilo ni la kitabu zaidi kuliko lako. Ukoo wa miungu ulipangwa na mshairi Hesiod, aliyeishi karibu na mwaka 700 KK, katika utenzi uitwao Theogony, na wasikilizaji wake walikuwa watu wazima waliokuwa wakiyasikia majina hayo tangu utotoni, hivyo kwao nasaba ile ilikuwa kama kuhesabiwa majirani. Mtoto wa miaka sita hana sababu ya kujali nani alimzaa nani ikiwa hajakutana na hata mmoja wao akifanya jambo.

Kiweke kitabu kando kwa muda, uanze na Hermes siku aliyozaliwa. Kisa hicho kimo katika utenzi wa kale wa kumsifu Hermes, nao unakwenda kwa saa: alizaliwa alfajiri, adhuhuri akapiga kinubi, jioni akaiba ng'ombe wa kaka yake Apollo. Mlangoni mwa pango la mama yake, Maia, katika mlima Cyllene, kichanga huyo alikutana na kobe akila majani. Gamba la kobe akaligeuza kinubi, akalitia nyuzi saba za utumbo wa kondoo. Usiku ulipoingia alitenga ng'ombe 50 katika kundi la Apollo, akawaswaga kinyumenyume ili nyayo zao zionekane kana kwamba zinaingia malishoni badala ya kutoka, naye mwenyewe akajisukia viatu vya vijiti na majani ili nyayo zake zisifanane na za kiumbe chochote. Kisha akarudi pangoni, akapenya kwenye tundu la kufuli, akajilaza na kujifunika nguo zake za kitoto. Apollo alipofika na hasira zake, Hermes alimwuliza inawezekanaje mtu aliyezaliwa jana, ambaye nyayo zake bado laini, aende kuiba ng'ombe. Apollo akamnyanyua, na hapo mtoto akajamba (utenzi wenyewe unakitaja kitendo hicho kuwa mjumbe fidhuli wa tumbo, wala sioni sababu ya sisi kujifanya na adabu kuliko washairi wa kale), kisha akapiga chafya, na Apollo akamwachia chini. Zeus alipoketi kuwaamua alicheka kwa sauti, akaamuru ng'ombe warudishwe, na ugomvi ukaisha pale Apollo alipokisikia kinubi, akakitamani kuliko mifugo yake.

Unaposimulia, usikimbie penye nyayo. Waache watoto watembee kinyumenyume juu ya mchanga au vumbi, wachunguze alama walizoziacha, ndipo uwaulize Apollo angeelekea wapi. Wa miaka tisa atagundua jibu, na wa miaka sita atataka kurudia mara kumi. Mwisho wa kisa, bila orodha yoyote, watakuwa wamewajua watatu: mjumbe mjanja wa njiani, mpiga kinubi mwenye hasira za haraka, na baba yao ambaye ndiye hakimu.

Kuanzia hapo fuata tabia ya mtoto. Anayependa mashine mpe Hephaestus, mhunzi wa miungu, ambaye katika Iliad, utenzi wa mshairi Homer, anakutwa akitokwa jasho, akiunda vyombo 20 vya miguu mitatu vyenye magurudumu ya dhahabu ili viingie karamuni na kurudi vyenyewe, huku wasaidizi wa kike aliowafua kwa dhahabu wakimshika mkono anapotembea. Anayependa ubishi mpe shindano la Athena na Poseidon, mungu wa bahari, la kuwania mji wa Athens: Poseidon aliupiga mwamba yakatoka maji ya chumvi, Athena akaotesha mzeituni, na mji ukachukua jina la aliyeshinda. Ukimaliza mwonyeshe picha ya Parthenon, hekalu lililojengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK, kwa kuwa shindano hilo lilichongwa kwenye pembetatu ya juu, upande wake wa magharibi. Ukoo utakuja wenyewe siku atakapouliza, "Kwani baba yake Zeus naye ni nani?" Usiuharakishe.

Sisi ni watu wa dini, na mwanangu ana miaka saba. Juzi aliniuliza mbele ya wageni kama Zeus anasikia maombi. Nilinyamaza, na tangu hapo ninajiuliza kama nimekosea kumruhusu asome visa hivi. — Baba mwenye wasiwasi

Swali la mwanao ni la haki, baba, na jibu lake ni fupi: "Wagiriki wa kale waliamini kwamba anasikia, wakamwomba mvua, sisi hatumwombi." Ukilitamka kwa sauti ile ile unayotumia kumweleza kwamba watu wa zamani walisafiri kwa mashua za makasia, atalipokea hivyo hivyo. Kazi kubwa inafanywa na wakati wa kitenzi. Ukisema "Zeus ni mungu wa radi", mtoto wa umri huo anasikia habari ya leo. Ukisema "Wagiriki walimwona Zeus kuwa mwenye radi", anasikia habari za watu fulani na mawazo yao. Maandishi ya Kiswahili yanasaidia pia, maana "mungu" kwa herufi ndogo, na wingi wake "miungu", huonekana tofauti kabisa na "Mungu" kwa herufi kubwa; lakini sikio halioni herufi, kwa hiyo unaposoma kwa sauti ongeza "wa Wagiriki" mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika.

Nisingependa, hata hivyo, uwageuze kuwa wahusika wa katuni tu ili kuukwepa wasiwasi, kwa kuwa huo nao si ukweli. Hiyo ilikuwa dini ya watu. Walichinja wanyama kwenye madhabahu zilizokuwa nje, mbele ya hekalu. Mifupa ya mapaja iliyofunikwa kwa mafuta iliteketezwa kwa ajili ya miungu, na nyama ikaliwa na watu. Olympia kulikuwa na sanamu ya Zeus iliyotengenezwa na mchongaji Phidias katika karne ya 5 KK, ya dhahabu na pembe za ndovu, yenye kimo cha mita 12 hivi, na michezo maarufu ya kila baada ya miaka minne ilikuwa sikukuu ya Zeus huyo. Mambo hayo yalidumu kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi mfalme Theodosius wa Roma alipozipiga marufuku dhabihu kwa sheria za mwaka 391 na 392 BK. Mtoto wa miaka saba anaweza kuambiwa yote haya, na akiambiwa ataona mwenyewe kwamba anasimuliwa historia.

Na ikiwa ninyi ni Wakristo, atakutana nao tena katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, pale watu wa Listra walipomwita Barnaba Zeu na Paulo Herme kwa kuwa ndiye aliyekuwa msemaji, wakaleta ng'ombe na mashada ya maua wapate kuwatolea dhabihu. Msomaji asiyemjua Hermes mjumbe huipita sentensi hiyo bila kuiona. Mwanao atalielewa kosa la watu wa Listra bila kufafanuliwa.

Ninawasomea wajukuu jioni. Wananicheka ninavyotamka majina, na kila siku wananiuliza kama Artemis ni mwanamume au mwanamke, mpaka nami nachanganyikiwa. Isitoshe, kitabu kimoja kinasema Zeus, kingine kinasema Jupiter. — Babu

Shikamoo, mzee wetu. Kuhusu matamshi, wacha wacheke, kwa kuwa huenda wewe ndiye uliye karibu na Wagiriki kuliko wao. Soma kila irabu kama ilivyoandikwa: A-the-na, He-ra, A-res. Persephone ana silabi nne, ph isomwe kama f, na e ya mwisho isikike, kama ilivyo kwa Aphrodite. Wanaozimeza irabu hizo wamezizoea kutoka kwenye katuni za Kiingereza.

La Artemis lina mzizi wake katika lugha yetu. Kiambishi "a-" hakituambii kama aliyepiga mshale ni wa kike au wa kiume, na majina haya hayana dalili ambayo sikio la mtoto limezoea. Kurudia "mungu wa kike" katika kila sentensi kunachosha. Dawa nyepesi ni maneno ya udugu. Sema "Apollo na dada yake pacha, Artemis, waliozaliwa na Leto kisiwani Delos", na swali halitaulizwa tena.

Nikuonye tu kwamba maneno hayo hayo yatakutega ukimfikia Hades, mtawala wa kuzimu. Yeye ni ndugu wa Zeus, na pia ni ndugu wa Demeter, mungu wa kike wa mazao. Persephone ni binti wa Zeus na Demeter. Kwa upande wa baba, basi, Hades ni baba yake mkubwa, na kwa upande wa mama ni mjomba wake, tena ndiye atakayekuwa mumewe. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa baba na wa mama, hivyo fundo hilo hufichika; katika Kiswahili halifichiki, na mjukuu wa miaka minane ataliona kabla hujamaliza sentensi. Akiuliza, mwambie kwamba miungu hawa hawakuwa na ukoo mwingine wa kuoa isipokuwa wao kwa wao, na kwamba kwa wanadamu hata Athens yenyewe haikuruhusu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja kuoana.

Jupiter ni jina la Warumi kwa yule waliyemlinganisha na Zeus, kama Juno kwa Hera, Neptune kwa Poseidon, Mars kwa Ares na Venus kwa Aphrodite. Chagua majina ya Kigiriki, ushikilie hayo. Ukikutana na Jupiter, soma Zeus na uendelee.

Kitabu tulicho nacho darasani, kwa watoto wa miaka kumi, kinasema Hades na Persephone walipendana. Mwalimu mwenzangu anasema si kweli, kwamba alitekwa. Nifundishe lipi? Na visa vya Zeus na wanawake wake nivifanyeje? — Mwalimu

Mwenzako ana haki. Simulizi kongwe tuliyo nayo kamili ni utenzi wa kumsifu Demeter, na humo hakuna mapenzi. Persephone alikuwa akichuma maua na wenzake, akanyoosha mikono yote miwili kulichukua ua moja la ajabu, ardhi ikapasuka, Hades akatokea na gari lake la farasi, akamchukua kwa nguvu huku akilia na kumwita baba yake. Kitabu chenu kimelainisha jambo hilo kwa nia njema, lakini ubaya wake ni kwamba kikiisha kumfanya binti aende kwa hiari, huzuni ya mama inabaki bila sababu, na Demeter anaonekana kama mzazi mkorofi asiyetaka bintiye aolewe.

Nakushauri ukisimulie kisa kutoka upande wa mama, kwa kuwa ndivyo utenzi wenyewe unavyofanya. Demeter aliisikia sauti, akajivua kilemba chake, akazunguka dunia siku tisa na mienge miwili mikononi, bila kula wala kuoga. Hakuna aliyetaka kumwambia ukweli. Hatimaye Jua, Helios, ambaye huona kila kitu, alimwambia nani amemchukua na nani ameruhusu. Demeter akauacha Olympus, mlima wa makao ya miungu, akajigeuza bibi kizee, akaketi kando ya kisima huko Eleusis, ambako mabinti waliokuja kuteka maji walimpa kazi ya ulezi nyumbani kwao bila kujua wanamwajiri nani. Baadaye akaizuia mbegu isichipuke, watu wakawa karibu kuangamia kwa njaa, na miungu wakaanza kukosa dhabihu. Zeus alimtuma mmoja baada ya mwingine kumbembeleza, akakataa wote, mpaka Hermes alipotumwa kuzimu. Hades alikubali kumwachia binti, lakini kwanza akamlisha kwa siri punje ya komamanga, na kwa sababu ya punje hiyo Persephone alipaswa kurudi chini theluthi moja ya kila mwaka. Katika matoleo mengine utakuta nusu ya mwaka. Hayo yamefuata mshairi Mrumi, Ovid, ambaye pia aliongeza punje zikawa saba.

Darasani neno "alichukuliwa kwa nguvu, bila ridhaa yake wala ya mama yake" linatosha, na mtoto wa miaka kumi analielewa. Jiandae kwa swali litakalofuata: kwa nini baba yake hakuja alipoitwa? Mwambie kama ilivyo, kwamba baba ndiye aliyekubali ndoa hiyo bila kumwuliza mtu, na siku hiyo alikuwa ameketi mbali, hekaluni, akipokea dhabihu. Usimtetee Zeus. Wanafunzi wakimkasirikia, wamekielewa kisa.

Kuhusu wanawake wa Zeus, mimi hutofautisha kuacha na kugeuza. Kwa umri huo unaweza kuacha visa vingi kabisa, ukasema tu kwamba alizaa na wengi na kwamba Hera, mkewe, aliumia na mara nyingi akawaadhibu wasio na kosa; hakuna uongo hapo. Kumfanya bwana harusi mwema kwa sababu tu kitabu kina rangi nzuri ni jambo jingine. Ubishi huu, usishangae, ni wa Wagiriki wenyewe. Katika Jamhuri, maandishi ya karne ya 4 KK, mwanafalsafa Plato alitaka visa vya Cronus, baba yake Zeus, na vya Uranus, baba yake Cronus, visisimuliwe kwa vijana hata kama vingekuwa vya kweli, na ikibidi kusimuliwa, basi wasikilizaji wawe wachache, tena wawe wametoa kwanza dhabihu ya mnyama mkubwa asiyepatikana kwa urahisi, maana nguruwe kila mtu angemudu. Plato aliogopa kwamba kijana hajui kutenganisha fumbo na habari. Kwa mtoto wa miaka minne ninakubaliana naye. Wako wana kumi.

Jambo moja zaidi, ambalo waandishi wa vitabu vya watoto hawalitaji. Hephaestus ni kiwete, na katika kitabu cha kwanza cha Iliad miungu wanaangua kicheko wanapomwona akichechemea na kuwagawia kinywaji. Ikiwa darasani kuna mtoto mwenye ulemavu wa mguu, usikifikie kicheko hicho bila kukitarajia. Anza na karakana yake na ngao aliyomfulia shujaa Achilles, waijue kwanza kazi ya mikono yake.

Shikamoo. Nina miaka kumi na mmoja. Cronus aliwameza watoto wake watano kwa sababu aliambiwa mmoja wao atampindua. Kwa nini hawakufa tumboni? Na nani alikuwa mkubwa kwa Zeus? — Msomaji mdogo

Marahaba, mwanangu. Hawakufa kwa sababu, kwa Wagiriki, miungu hawakuweza kufa hata wakimezwa. Waliweza kuumia: katika Iliad, Aphrodite anachomwa mkuki mkononi, na kinachotoka si damu bali umajimaji uitwao ikori, kwa kuwa miungu hawakula mkate wala kunywa divai kama watu. Tumboni mwa Cronus, basi, Hestia, Demeter, Hera, Hades na Poseidon walikuwa wafungwa tu, wakisubiri. Miaka mingapi, Hesiod hakuhesabu. Anasema tu kwamba Zeus, aliyefichwa kisiwani Krete, alikua upesi, na hatimaye Cronus akawatapika wote.

Swali lako la pili ni gumu kuliko linavyoonekana. Kwa Hesiod, Zeus ndiye kitinda mimba. Kwa Homer, Zeus ni mkubwa kuliko Poseidon. Halafu kuna Hestia, mlinzi wa moto wa nyumbani, aliyezaliwa wa kwanza, akamezwa wa kwanza, na kwa hiyo akatapikwa wa mwisho, hivyo utenzi mmoja wa kale unamwita mkubwa na papo hapo mdogo wa ndugu zake. Katika karamu Wagiriki walimmiminia divai mwanzoni na mwishoni.

Kilichotangulia kutoka hakikuwa mtoto. Zeus alipozaliwa, mama yake, Rhea, alifunga jiwe kubwa katika nguo za kitoto, akampa Cronus, naye akalimeza bila kuangalia. Na kwa kuwa lilikuwa limeingia mwisho, lilitoka mwanzo. Hesiod anasema Zeus alilisimika Delphi, chini ya mlima Parnassus. Zaidi ya miaka 800 baadaye, katika karne ya 2 BK, msafiri Pausanias alifika Delphi akaliona jiwe ambalo watu walisema ndilo lile. Halikuwa kubwa. Kila siku lilimiminiwa mafuta, na siku za sikukuu wakaliwekea sufu mbichi juu yake.